Dereva Haipo

Mke wangu Agnella alifariki hospitalini alfajiri, tukataka kumzika siku hiyohiyo kwetu Namawala. Masika kaburi halisubiri. Ukilichimba asubuhi, jioni limeshajaa maji kama jaruba la mpunga.

Kijana wa chumba cha maiti, Lukelo, aliniamkia vizuri. "Shikamoo, baba. Pole sana. Ila mama hatoki saa hizi. Dereva haipo."

Nikasema moyoni, vijana hawa hata mtu mzima wanamwita "haipo" kama ndoo. Gari lao lilikuwa limeegeshwa pale nje. Sikubishana. Nikapanda bodaboda hadi Katindiuka, nikamtoa Gasper kwenye banda la chai. Yeye anaendesha Canter ya mpunga.

"Dereva huyu hapa," nikawaambia.

Msimamizi, mama mmoja wa miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Dereva ya kompyuta, mzee."

"Hata hiyo naendesha," Gasper akasema. "Nionyesheni usukani."

Lukelo hakucheka. Akanieleza kuwa majina ya marehemu wote yako kwenye kanzidata, ndiyo kama ghala. Programu ya vibali vya kutoa maiti iko peke yake. Katikati panahitajika kitu cha kupeleka swali la programu ghalani na kurudisha jibu. Hicho ndicho wanakiita dereva. Kompyuta ni mpya, wakubwa walikuja kupiga nayo picha, hicho hawakukiweka.

"Kwa hiyo Agnella yumo, ila hamna wa kumuulizia."

"Ndiyo, baba."

"Basi andika kwa mkono. Wewe umemwona, mimi nimemwona."

Msimamizi akasema vibali vya mkono wakubwa wamevipiga marufuku. Mtaalamu yuko Morogoro kwenye semina.

"Semina ya nini?"

"Ya mfumo huuhuu."

Mtaalamu alipokea simu jioni, baada ya semina. Akamwelekeza Lukelo, Lukelo akaiweka hiyo dereva, na muda si muda jina la Agnella likaja kwenye kioo. Kazi yenyewe haikufika hata muda wa kunywa chai. Siku nzima walikuwa wanamsubiri mtu amalize kula posho.

Tulifika Namawala jua linazama. Kaburi limejaa. Wanaume wakachota kwa ndoo, maji yakarudi. Katekista akasema tumshushe hivyohivyo.

Sanduku likaelea. Gasper na wenzake wakalikandamiza kwa majembe, wengine wakitupia udongo harakaharaka, mpaka likakubali kuzama.