Nchi Tupu Nyuma ya Malindi

Dena alikuwa bingwa wa kudharau. Pale Malindi watu walimjua kama mchoraji ramani katika ofisi ya mpima ardhi, kijana mpole anayekunywa chai bila maneno. Lakini huko mtandaoni, wanakokutana wapenzi wa michezo ya dola, jina lake lilitajwa kwa woga. Mchezo ukitoka leo, kesho yake Dena ameshauchana vipande vipande.

Michezo yenyewe ni ya kompyuta. Mtu huchagua nchi ya zamani, Ureno au Uajemi au Omani, akaiendesha karne kwa karne: akatoza kodi, akaoza mabinti wa kifalme, akameza majirani mmoja mmoja. Kwa Dena, mchezo mmoja tu ndio ulistahili kuitwa mchezo, nao ni Dola Kuu, toleo la kwanza. Toleo la pili lilipotoka aliliingia kama mtu aliyeitwa kukagua samaki aliyeoza.

"Tazama bahari hiyo," alisema Jumamosi moja alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme la Utsav, ambako ndiko yeye na wenzake walikokuwa wakikutana. "Inameremeta kama nguo ya bibi harusi. Wamepaka rangi, wamepaka tena. Ibandue uone kama chini kuna kitu! Kodi inajikusanya yenyewe, vita vinajipiganisha vyenyewe. Mchezaji kazi yake nini, kupiga makofi?"

"Watu wanaupenda," Utsav akasema.

"Watu wanapenda soda pia."

Mwalimu Mwaringa, aliyefundisha historia sekondari na ambaye kwa kawaida alikubaliana na aliyesema mwisho, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Soda, kweli kabisa."

Khushboo, dada yake Utsav, alikuwa amekaa juu ya sanduku la nyaya akila bhajia za kunde. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Nairobi, amemaliza shahada ya takwimu, na toleo la pili ndilo alilojifunzia kucheza.

"Kaka Dena," aliuliza, "hilo toleo lako unalolisujudia, huwa unacheza nchi gani?"

"Ureno."

"Ukishaipata Malindi?"

"Naingia bara. Hapo ndipo utakapoona akili ya waliouunda. Pwani ni ghali, bara ni bure. Ile sehemu ya kijivu kwenye ramani ni nchi tupu. Unapeleka walowezi, unangoja kidogo, kengele inalia, imekuwa yako."

"Hebu tufungulie tuione hiyo akili."

Dena aliufungua kwa furaha, kama fundi aliyeombwa aoneshe kazi yake. Akapeleka kipanya nyuma ya Malindi, akabofya. Maandishi yakatokea: *Nchi tupu. Wenyeji wachache, wakorofi. Bidhaa: pembe za ndovu.*

"Kwenu wapi, kaka Dena?"

Khushboo alijua. Wote walijua.

"Vitengeni," akajibu.

"Nioneshe Vitengeni hapo kwenye ramani."

Hakuna aliyehitaji kuoneshwa. Mshale wa kipanya ulikuwa umekaa papo hapo. Utsav ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika rafu. "Maskini! Miaka yote hiyo anateka kwao mwenyewe!"

Masikio ya Dena yalipata moto. "Enzi hizo sisi Wagiriama tulikuwa hatujafika Vitengeni," alisema. "Uongo, Mwalimu?"

"Kweli kabisa," Mwaringa akasema. "Walikuwa kwenye kaya zao, vile vijiji vya boma msituni, kusini zaidi. Huko juu walikuwapo Waata na Waoromo."

"Waata na Waoromo si watu?" Khushboo akauliza.

"Ni watu."

"Na hizo kaya zenyewe, mbona nazo ni kijivu?"

Mwaringa akainama kutazama skrini. "Kweli kabisa," akasema tena, kwa sauti ya chini.

"Huu ni mchezo, si mtihani wa historia!" Dena akapaza sauti. "Mchezo lazima uwe na mahali pa kupanukia."

Khushboo alijifuta mafuta vidoleni. "Juzi umeandika aya nzima kuwatukana waliounda toleo la pili, eti kofia za askari wa Uswidi si za karne yake. Kofia, kaka! Kofia za Waswidi zinakukosesha usingizi. Lakini mababu zako wakiandikwa hawapo, hapo ni mahali pa kupanukia."

Dena alichukua mkoba wake. Alisema hakuja kubishana na mtu aliyeanza kucheza jana, akatoka akibamiza mlango wa bati.

Kesho yake alikwenda Vitengeni kumwona mama yake, Mbeyu. Alimkuta uani akichambua mchicha, na kwa kuwa jambo lile lilikuwa bado linamkereketa, akajikuta anamweleza.

"Unachukua nchi za watu," alisema. "Kwenye kompyuta."

"Nchi za nani?"

"Za yeyote."

"Na wao wanafanya nini?"

"Wanasalimu amri."

"Bila kusema kitu?"

Dena alifikiri. "Kuna kengele inalia."

Mama yake alimtazama, akamtazama tena, kisha akaangua kicheko cha dharau ambacho Dena alikuwa hajakisikia tangu utotoni, siku alipoanguka kisimani akimfukuza bata. "Mtu mzima na kazi yake!" alisema, akarudia mchicha wake. Hakulitaja tena jambo hilo. Alitaka kujua kama ameoga.

Usiseme Dena alitubu. Alirudi mjini na hasira, akaamua kuwaonesha kwamba kosa linarekebishika na kwamba toleo la kwanza litabaki kuwa toleo la kwanza. Mchezo ule ulimruhusu mtu kuufungua matumbo na kubadili kilichomo. Akafuta kijivu, akaandika majina ya kaya. Mchezo ukamuuliza jina la mfalme. Hakukuwa na mfalme. Waliokuwapo ni kambi, yaani baraza la wazee. Alipoacha nafasi wazi, mchezo ulizima. Alipoandika "Kambi", mchezo uliidhani ni mtu: ukampa umri na mke, na baada ya muda mfupi ukamuua Kambi kwa homa, kisha ukataka mrithi wake.

Dena alitukana kompyuta. Aliwatukana waliouunda, tena kwa maneno aliyokuwa akiwawekea wa toleo la pili. Mwishowe akampigia simu Khushboo.

"Sikupigii kuomba radhi," alisema.

"Wala sikuitaka. Umekwama wapi?"

Khushboo alikuja na kompyuta yake, akazipitia hesabu za Dena na kuguna. "Nani aliyekufundisha kujumlisha? Na hawa umewapa jeshi la farasi! Farasi gani wa huku, mbung'o wasingewamaliza?"

Walibishana jioni nyingi, na hakuna siku hata moja waliyosifiana. Lakini kazi ikapata umbo. Hakukuwa na mfalme wala mji mkuu, kila kaya ilisimama peke yake, na ukiikamata moja hujaikamata ya pili. Mtama na pembe viliteremka Malindi kwa hiari ya walioko bara; ukiwaudhi, haviji. Kengele waliitoa.

Siku ya kuujaribu, Dena alishika Ureno mwenyewe, kwa kuwa, alivyosema, wengine wangeiaibisha. Aliipata Malindi upesi. Akapeleka walowezi bara; hawakurudi. Akapeleka jeshi, likateka kaya moja. Akangoja, ameinua kichwa.

"Unasikiliza nini?" Utsav akauliza.

"Sisikilizi kitu."

Mtama ukakoma kuteremka. Malindi ikaanza kuona njaa, askari wake wakaasi, na ngome aliyoijenga kwa majivuno ikatoweka kwenye ramani. Dena, ambaye hakuwahi kushindwa mbele ya watu, alikaa akiitazama skrini. Kifuani alihisi furaha ya ajabu, na akainamisha uso wasije wakaiona.

"Kazi mbovu," akasema. "Mtama umepewa uzito kupita kiasi. Aliyeunda kitu hiki hajui mizani."

"Si ni wewe?" Mwaringa akauliza.

"Ndiyo maana najua!"

Hata hivyo aliutuma ulimwenguni vilevile, bila kupunguza hata punje. Kwenye maelezo aliandika sentensi moja tu: *Anayetaka nchi tupu aende mwezini.* Wachezaji wa ng'ambo walianza kumjibu papo hapo. Mmoja alisema ameuharibu mchezo. Mwingine alisema sehemu ile haikuwa na watu wa kutajika, na kwamba mtunzi wake ni mbumbumbu.

"Mjibu kwa adabu," Khushboo akamwambia.

"Adabu ya nini?" Dena akasema, akavuta kiti karibu na kukunja mikono ya shati.