Vunjajungu wa Mtongwe

Katika shule moja ya Mtongwe, wanafunzi wa gredi ya tano walikuwa wakitafuta habari za wadudu kwenye tableti, wawili wawili. Mwalimu wao, Mwanatatu, aliwapa sharti moja: jambo lisiandikwe daftarini mpaka lionekane katika tovuti mbili za kuaminika.

Lynnette, ambaye babake alihamia Pwani kufanya kazi bandarini, alikuwa amekuja na mdudu wa kijani ndani ya mkebe. Alimpata mtandaoni upesi, akasoma kwamba huweza kugeuza kichwa akatazama nyuma, na kwamba hana sumu. Alipotaka kumtoa, mwenzake Randu akamzuia. Huyo ni vunjajungu, akasema. Ukimshika, chungu utakachogusa kitavunjika.

Lynnette akamgeukia mwalimu. "Tovuti zote mbili hazisemi hivyo. Ni kweli?"

Mwanatatu alimtazama yule mdudu. Alikuwa na miaka minane alipomshika mdudu kama yule kwenye shamba la mihogo la nyanyake, papo hapo Mtongwe. Jioni ile jungu ambalo nyanya alikuja nalo alipoolewa lilikutwa limevunjika jikoni, na Mwanatatu akakiri kuwa ni yeye, kwa kuwa alimshika vunjajungu. Nyanya hakumpiga. Aliviokota vigae kimya kimya, na tangu siku hiyo hakumwita tena jikoni kukuna nazi. Hilo ndilo lililomuuma.

Akawaambia watoto kwamba tovuti zikinyamaza, huulizwa watu. Wakati wa mapumziko alimpigia kakake Hassan, aliyeishi Chaani, akamuuliza kama anaikumbuka siku ile.

Hassan aliikumbuka vizuri.

"Jungu lile nililivunja mimi," akasema. "Niliingia jikoni na mpira. Uliposema ni wewe, nikaogopa. Kisha nikaona haya. Nisamehe, Mwanatatu."

Mwanatatu alitaka kukasirika, lakini kilichomjia ni harufu ya moshi wa makuti na tui likichemka. Alirudi darasani akawaeleza watoto yote. Lynnette akamtoa mdudu, akamwacha apande mkononi mwake, na Randu akasogea kutazama.

Ijumaa, baada ya swala, Hassan alivuka maji kuja Mtongwe. Walimsomea nyanya Fatiha kaburini kwake, kisha wakapita palipokuwa shamba na nyumba yake. Sasa pamejengwa vyumba vya kupangisha. Hassan hakukumbuka jiko lilikuwa upande gani. Mwanatatu akamshika mkono, akamwonyesha mafiga yalipokuwa, mlango ulipokuwa, na mahali nyanya alipopenda kukaa.