Chumba cha Magunia

Mtoto wao alikuwa na jina zuri alilopewa na babu yake, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Kimbunga. Tangu alipojua kutembea hakukaa chini. Alipanda viti, akafungua makabati, akamwaga maji ili aone yanakoelekea, na kila kitu alikiuliza: "Nini hii?" Ukimjibu, anauliza tena. Alikuwa na miaka miwili na ushee, na walezi wawili walishamkimbia. Wa kwanza aliaga kwa heshima. Wa pili aliacha ufunguo dirishani na kuzima simu.

Mama Kimbunga alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu, leo yuko, kesho hayuko. Mama mkwe aliishi mtaa wa pili. Alikuwa askari magereza mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwata, na hata wauza mboga walimwita Afande.

"Acha kazi, mwanangu," Afande alimwambia. "Mtoto wa namna hii anataka mama yake. Mume unaye, hamtalala njaa."

"Mama, kazi siachi."

"Unanijibu?"

"Nakujibu kwa heshima, Mama. Siachi. Mimi kukanda najua, na napenda. Mtoto nitamtafutia mahali."

Mahali palipatikana. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto, yenye geti la buluu, ukutani wamechora maputo na sungura. Mwenye nyumba aliitwa Madamu. Alinukia marashi na alizungumza polepole kama mtu anayesoma taarifa. "Hapa tunawafundisha utulivu," alisema. "Nipe muda kidogo tu, hutamtambua."

Na kweli, hakumtambua. Haukupita muda Kimbunga akawa anarudi nyumbani kimya. Ukimweka kwenye mkeka, anakaa hapo hapo. Ukimpa kijiko, anakishika tu. Majirani walifurahi. "Afadhali, ametulia," walisema. Hata Afande aliridhika: "Kumbe alikosa nidhamu tu."

Mama yake peke yake ndiye ambaye hakufurahi. Jioni moja alimwaga maji sakafuni makusudi, mbele ya mtoto, akangoja. Kimbunga aliyatazama maji yakitambaa hadi mlangoni. Hakuuliza kitu. Mama yake alichukua kitambaa akapangusa, na usiku huo usingizi ukamruka.

Asubuhi moja tanuri la kiwandani liliharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa mapema. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye geti la buluu. Madamu alilifungua kidogo, akasimama katikati.

"Huu si muda wa kuchukua watoto. Wamelala."

"Nitamchukua hivyo hivyo."

"Mama, tuna utaratibu hapa."

"Nami nina mtoto humo ndani." Akapita. Mikono yake ilikuwa imezoea kuinua magunia. Madamu hakuwa na la kufanya ila kumpisha.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Televisheni ilikuwa inaonyesha katuni, na hakuna aliyetazama. Watoto walikuwa wamelala chini, wamepangwa ukutani kama mikate kwenye trei, midomo wazi. Alipiga makofi. Hakuna aliyeshtuka. Akachukua sufuria mezani akaiangusha sakafuni. Mtoto mmoja alifumbua jicho, akalifumba tena. Pale mezani ilikuwepo chupa ya dawa ya kikohozi, ile nzito yenye rangi nyekundu, na kijiko kimoja cha wote.

"Nani anakohoa hapa?" aliuliza.

Madamu alikunja uso. "Usijifanye hujui. Nyinyi wenyewe mnaniletea watoto mnasema watulie. Nimewatuliza. Kuna aliyewahi kulalamika?"

Mama Kimbunga hakumgusa. Alifungua mapazia yote, akazima televisheni, akambeba mwanawe begani. Chupa aliitia mfukoni. Akasimama getini akawapigia simu wazazi aliokuwa na namba zao, nao wakawapigia wenzao. "Njooni sasa hivi," aliwaambia. "Si jioni. Sasa hivi."

Zahanati walisema watoto watakuwa salama, ila ile dawa isiguse tena midomo yao. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja akalifunga geti la buluu kwa kufuli lake mwenyewe. Mama Kimbunga alidhani wazazi wenzake wangemshika mkono. Wachache walimshika. Wengine walimkalia kooni.

"Sasa tuwapeleke wapi?" alifoka baba mmoja, kinyozi, mtoto amemlalia kifuani. "Umetuharibia! Si ungezungumza naye kimya kimya?"

"Ningemwambia nini, kaka? Apunguze kijiko?"

Kinyozi alimhamishia mtoto bega la pili, akaondoka.

Siku iliyofuata Mama Kimbunga alifika kiwandani na mtoto mgongoni. Hakuwa peke yake. Wanawake wa zamu yake wenye watoto wadogo walikuwa wamekubaliana, nao wakaja na wa kwao. Wote walitia hamira, wakakanda, wakafunika unga kwenye mapipa kama kawaida. Kisha wakavua aproni, wakatoka uani na watoto, wakasimama.

Meneja alishuka ngazi akiwa bado anatafuna. "Nini hii? Hapa ni kiwanda, si uwanja wa kuchezea!"

"Tunajua, bosi," alisema Mama Kimbunga. "Ndiyo maana tunaomba chumba cha magunia. Kile cha nyuma. Hakina kazi tangu mlipojenga ghala jipya. Tutakisafisha wenyewe."

"Haiwezekani."

"Basi tutasimama hapa."

"Nitaajiri wengine!"

"Ajiri. Ila unga umeshaumuka, bosi. Hauna habari na ugomvi wetu."

Mmoja wa wanawake alishindwa kujizuia, akacheka. Meneja aligeuka kutazama mlango wa chumba cha kukandia. Kwa ndani vifuniko vya mapipa vilikuwa vimeanza kuinuka, na harufu kali ya hamira ilifika hadi uani.

Hapo ndipo Afande alipotokea getini. Alikuwa amepata habari sokoni, amekuja mbio kumchukua mjukuu na kumrudisha mkwewe nyumbani. Maneno yake alikuwa amekwisha kuyapanga. Lakini alimkuta meneja amemnyooshea mkwewe kidole karibu na pua, anasema, "Wewe ndiye mchochezi. Mwanamke asiyeweza kulea mtoto wake atakuja kunifundisha kazi?"

Afande alisimama kati yao.

"Shusha kidole."

"Mama, wewe ni nani?"

"Nimesema shusha kidole."

Kidole kilishuka. Watu waliokataa kuitii sauti ile walikuwa wachache, na wengi wao walijuta.

"Huyu unayemtukana ndiye aliyemtoa mjukuu wangu mikononi mwa mwendawazimu. Mimi niliambiwa mtoto ametulia, nikashangilia." Akapiga hatua moja mbele. "Wanataka chumba. Wape chumba."

"Na nani atawaangalia? Nikiwapa chumba, nani atakaa nao?"

Wanawake walitazamana. Jambo hilo walikuwa hawajalimaliza. Mama Kimbunga alimgeukia mama mkwe wake, macho makavu.

"Mama, ulisema mtoto anataka mama yake. Haya. Mama zao tuko hapa. Wewe kaa nao."

Afande alinyoosha mgongo. "Unanipa amri?"

"Nakuomba, Mama. Lakini nakuomba mbele ya watu."

Kwenye mapipa unga ulikuwa umeanza kumwagikia sakafuni. Meneja alishika kichwa. "Chukueni chumba! Rudini kazini, jamani, chukueni!"

Afande hakujua kulea kundi, na siku za mwanzo alilia njia nzima akirudi nyumbani. Aliwapanga mstari, wakatawanyika. Aliwapigia filimbi, wakaiomba filimbi. Basi akaacha kuwapanga, akaanza kuwatazama. Aliona wanapenda kusukuma, akawaletea magunia matupu yaliyojazwa vitambaa. Aliona wanapenda kufinyanga, akawaombea mabaki ya unga. Akawawekea beseni la maji na mikebe yenye matundu, akawafundisha kuimba nyimbo za mchakamchaka, maneno akiyabadilisha ili yafae watoto. Mama mmoja aliyejifungua karibuni alikaa naye zamu ya asubuhi. Kinyozi alikuja na mtoto wake, akasimama mlangoni. "Ingia," Afande alimwambia. "Siku yako ya mapumziko utakuja kuwasomea vitabu." Akaja. Alisoma vibaya, akiruka kurasa, na watoto walimrudisha nyuma.

Kimbunga alimng'ata mtoto mwenzake, akaomba msamaha, akamng'ata tena.

Malalamiko hayakuisha. Meneja alileta ujumbe kwamba kelele zinapita ukutani, kwamba wageni wa ofisini wanauliza, kwamba chumba ni cha muda tu na wasikizoee. Mama Kimbunga alisikiliza ujumbe wote akiwa na unga hadi viwikoni, akasema amesikia.

Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala, alikwenda na mumewe aliyekuwa amerudi safari. Mlinzi aliwafungulia. Chumba cha magunia kilikuwa na mlango mmoja na tundu la hewa juu, na watoto walicheza chini ya taa mchana kutwa. Mama Kimbunga alichora mraba ukutani kwa chaki, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtoto. Nje ya ukuta ule ulikuwa uwanja, na ng'ambo yake barabara yenye baiskeli, mbwa na watu.

Mumewe alishika nyundo na tindo, akautazama ule mraba, akamtazama mkewe.

"Meneja ameruhusu dirisha?"

"Sijamuuliza," alisema. "Piga."