Mduara wa Dakika Saba

Kikundi chetu huigiza tamthilia za mtihani wa fasihi katika shule za upili za Thika na Ruiru. Mimi ni msimamizi wa jukwaa. Kazi yangu ni saa, mapazia, na kuhakikisha kila mtu yuko mahali pake. Siigizi wala sipigi ngoma.

Kabla ya kila onyesho huwa tunafanya mduara. Watu kumi na mmoja hushikana mikono nyuma ya pazia, kila mmoja hutaja ombi lake kwa sentensi moja, kisha mmoja anaomba kwa niaba ya wote. Hiyo ni ibada, lakini kwa miaka tisa nimeuona mduara ukifanya kazi nyingine pia. Hapo ndipo tulipojua kwamba Lynn ana mimba, tukamtoa kwenye onyesho la vita. Hapo ndipo Mwas aliposema hajala tangu jana, akaletewa chapati mbili kabla pazia halijafunguliwa. Mwigizaji mgonjwa hamwambii msimamizi, kwa sababu kuna mwenzake anayeisubiri nafasi yake. Lakini kwa Mungu, akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili, husema.

Mduara huchukua dakika saba. Nimeupima mara nyingi.

Mwaka jana, Jumatano moja ya mwezi wa Juni, tulikuwa katika ukumbi wa shule moja Ruiru. Tulipaswa kuanza saa tatu na nusu, lakini basi la wanafunzi wageni lilichelewa. Saa nne kasoro dakika tano mwalimu mkuu alinijia na kusema kwamba ifikapo saa saba ukumbi lazima uwe mtupu. Onyesho letu huchukua muda wa saa tatu kamili. Nilipiga hesabu nikaona mduara hautoshei.

Niliporudi nyuma ya pazia walikuwa wameshashikana mikono.

"Leo hakuna ombi la mmoja mmoja," nikasema. "Waithira, omba kwa kifupi, tuingie."

"Kwani Madam, hata Mungu leo umempimia dakika?" akauliza Nzioki.

"Nusu dakika."

"Sawa. Atajaza mwenyewe."

Watu wakacheka. Nzioki alikuwa mpiga ngoma wetu, na ndiye aliyeigiza mzee mlevi, ambaye wanafunzi walimpenda kuliko mhusika mkuu. Alikaa Kiandutu, mtaa wa mabanda pale Thika. Siku zisizo na onyesho alibeba mawe kwenye mjengo. Waithira, mkubwa wetu kwa umri, aliomba kwa sekunde ishirini hivi.

Nzioki alifanya sehemu ya kwanza bila kosa. Saa tano na dakika arobaini na mbili nilimpa ishara ya kuingia tena. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la mavazi, kichwa kikiegemea ukuta, na hakuinuka. Nilidhani amesinzia. Hospitalini walisema ni moyo, na kwamba huenda dalili zilianza mapema. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tulimzika kwao Yatta. Kule mazishini hakuna aliyetaja mduara, na mimi sikuutaja.

Mwaka huu wasanii wa Thika na Ruiru walikubaliana kuwa na siku moja ya kuwaenzi wenzao, walio hai na waliokufa. Jina la Nzioki lilipita bila mjadala. Nikatumwa kumwalika mjane wake.

Mwongeli bado anakaa katika chumba kile kile cha Kiandutu na binti yao, Ndinda. Nilimkuta akichagua maharagwe kwenye sinia.

"Karibu Madam. Kaa kwa kitanda. Hicho kiti kinakaribisha wageni halafu kinawaangusha."

Nilimweleza: Jumamosi saa nane, ukumbi pale mjini Thika, onyesho letu fupi, kisha cheti na picha kubwa ya Nzioki ndani ya fremu.

"Sasa ndio wanamwona," akasema. "Akiwa hai hata wa duka alikuwa anamwita Mlevi. Na yeye hakuwa anagusa pombe."

"Utakuja?"

"Nitakuja, na mama yake nitamleta. Lakini kuna kitu nimetaka kukuuliza, nikaona haya. Kila mkienda onyesho, akirudi jioni alikuwa ananiambia ameomba nini kwa mduara. Hiyo siku hakurudi. Aliomba nini?"

Jibu la uongo lilikuwa rahisi. Ningesema alimwombea Ndinda, na hakuna ambaye angenikanusha.

"Hakuomba chochote," nikasema. "Tulikuwa tumechelewa. Nilikataza maombi ya mmoja mmoja."

"Ulikataza."

"Ndiyo. Mimi."

Aliendelea kuchagua maharagwe, akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni.

"Asubuhi aliamka mkono wa kushoto umekufa ganzi," akasema. "Na kifua kinabana. Nikamwambia twende hospitali. Akasema ni mawe ya mjengo. Nikalia, nikamshika shati. Ndio akaniambia, 'Mama Ndinda, niache niende. Nitasema kwa mduara. Madam akisikia hivyo hawezi kunipandisha jukwaani, atanirudisha nyumbani.' Nikamwachilia. Nilijua akisema hapo, wewe utamtoa."

"Ningemtoa," nikasema. Ilikuwa kweli. Mwigizaji wetu Makau niliwahi kumtoa kwa homa tu. Lakini nilipokwisha kulitamka neno hilo niliona halimsaidii mtu.

"Najua. Ndio maana nimemkasirikia mwaka mzima. Nikienda kwa kaburi namuuliza, kwani kusema kulikuwa kugumu aje? Ulinidanganya ndio nikuachilie shati?" Akaweka sinia sakafuni. "Hata mama yake nilimwambia hivyo. Kwamba mtoto wake alijua, na akanyamaza."

Kisha akanigeukia.

"Jumamosi nani ataomba kabla mcheze?"

"Waithira."

"Basi kabla aombe, wewe usimame. Useme vile umeniambia mimi. Usiongeze, usipunguze. Mama yake asikie kutoka kwako."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Waigizaji wa Gatongora, kule Ruiru, walileta wapiga ngoma wanne. Mwas alikuja karibu yangu, kwenye ngazi za jukwaa.

"Madam, si lazima. Watu wamekuja kumsherehekea. Ukianza hizo story, siku itaharibika."

"Siku ni yake," nikamwambia. "Si yangu."

Nilipanda. Nilitaja tarehe, ukumbi, saa ambayo mwalimu mkuu alinijia, na maneno niliyowaambia wenzangu. Nilisema kwamba Nzioki alikuja kazini akiwa ameahidi kutaja maumivu yake kwenye mduara, na kwamba mimi ndiye niliyeuzuia. Nilisema sijui kama angepona. Nilisema najua kwamba hangepanda jukwaani. Yote yalichukua chini ya dakika mbili. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama yake Nzioki aliketi safu ya mbele, kitambaa cheupe kichwani, na Mwongeli alikuwa akimtafsiria kwa Kikamba, sikioni. Nilipomaliza, mama aliuliza jambo moja.

"Anauliza kama mtoto wake alikuwa amesimama na wenzake," akasema Mwongeli.

"Alikuwa amesimama nao. Alikuwa ameshawashika mikono."

Mwongeli akamwambia. Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akasema maneno machache bila kunitazama. Mwongeli akanitafsiria.

"Anasema amekusikia. Anasema atamwomba mtoto wake msamaha, kwa vile tulivyomfikiria vibaya. Wewe mkono hawezi kukupa leo."

Nikasema ni sawa. Nilishuka jukwaani, na Waithira akaanza kuomba.