Taa Nyekundu ya Baba

Kwa mara ya tatu mfululizo, mwani uliotakiwa uwe umelala ulikutwa macho. Bi Mwani, kama walivyomtania maabara nzima, aliyakodolea macho matokeo.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Mwani wa kijani, mdogo kuliko chembe ya vumbi, ukikaa gizani baadhi ya jeni zake hunyamaza. Ukipigwa na mwanga, zinaamka na kuanza kazi. Alitaka kupima tofauti hiyo, lakini chupa za gizani na za mwangani zilitoa majibu yaleyale. Profesa alishasema Ijumaa ndiyo mwisho: bila tofauti, utafiti wa miaka miwili unafungwa.

"Nani anafungua kabati langu la giza?" alimuuliza fundi wa maabara.

"Wewe tu, dada. Wewe na hiyo taa yako nyekundu."

Taa yenyewe, aliyoitumia kuonea anapochota mwani wa gizani, alirithishwa na baba yake, mpiga picha mstaafu, aliyesafishia picha chini ya wekundu wake miaka thelathini. "Hii haidhuru kitu," alimwambia, naye hakuuliza zaidi. Sasa akachota maji ya chupa moja kwa mwanga wa taa ile na ya nyingine gizani kabisa, kwa kupapasa, akamwaga karibu yote. Ya kwanza jeni zilikuwa macho. Ya pili, katika matone yaliyosalia, kimya.

Jioni alimweleza baba kwa kuzungukazunguka, maana taa ile mzee aliionea fahari kupita kiasi. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe karatasi zangu za picha zilikuwa vipofu kwa mwanga huu, mwanangu. Mwani wako unaona."

"Na mimi gizani namwaga kila kitu, baba."

"Filamu je? Hata hiyo nyekundu ingeiharibu. Nilikuwa naishika gizani kwa vidole tu. Lete chupa."

Wakakaa jikoni macho wameyafumba, wakimimina maji. Kidole cha shahada mdomoni mwa chupa, mkono wa kushoto usiondoke mezani. Meza ililowa, kisha ikalowa kidogo, kisha ikabaki kavu. Alijisikia mtoto tena, na alifurahi.

Ijumaa profesa aliyasoma matokeo mara mbili. Chupa za gizani kimya, za mwangani macho.

"Endelea," alisema. "Na huu mstari wa tatu, wa taa nyekundu, mbona umeuandika 'Baba'?"

"Ndiye aliyeuamsha mwani wangu," alijibu.