Haki za Mtani

Msinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau. Nataka kumsifu mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Katika kuwasifu itabidi nijiseme na mimi, kwa sababu nilikuwa mpumbavu.

Mwaka wa sabini nilikuwa kwenye shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Serikali ilikuwa imekwisha kulichukua shamba, wazungu wamekwenda zao, nasi tumeunda kamati ya wafanyakazi. Mwenyekiti ni mimi, Mbaruku, Mzigua wa Mkata. Kichwa kilinivimba kweli kweli. Katibu alikuwa Rosina, Msambaa, karani wa mahudhurio, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti hata umkanyage mguu.

Kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi zake, alikuwako Ponsiano. Mmakonde, chale uso mzima. Alikuja kabla ya Uhuru pamoja na manamba, wale vibarua walioletwa kutoka mbali na kuitwa kwa namba badala ya majina. Yake ilikuwa mia nne na kumi na mbili, nasi Uhuru wote ule tukaendelea kumwita Mia Nne. Tena kiongozi wa mchezo huo alikuwa mimi. Nikimwona namuuliza kama jana tena amepigana na paka. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, yeye anainamisha kichwa na kuendelea kulisha mashine. Lakini kazi aliijua, acha bwana. Alisimama mlangoni, akasikiliza ngurumo, akasema kisu cha tatu kimelegea. Ukifungua, unakikuta kimelegea.

Msimamizi wa korona alipostaafu, meneja akaitaka kamati ipendekeze mtu. Yakaja majina mawili, Ponsiano na Sadala. Sadala ni mtoto wa mjomba wangu. Alikuwa na mwaka mmoja tu pale, na alikwisha kuilaza mashine siku nzima kwa kusahau spana ndani yake. Nami nilikuwa nimemwahidi kazi hiyo.

Kikaoni nikasema, "Jamani, Mia Nne ni mtu mzuri, lakini wenyeji hawatakubali kuamrishwa na manamba. Watamcheka."

"Nani atamcheka, ndugu mwenyekiti?" Rosina akauliza.

"Wote. Hata sasa tunamcheka. Ni utani tu, mwenyewe amezoea."

Akaweka kalamu chini. "Kumbe ni mtani wako. Sikujua. Basi aitwe, maana mtani ana haki zake."

Hapo ningekuwa na akili ningeshtuka. Sisi Wazigua watani wetu ni Wanyamwezi, tangu enzi za mababu. Mnyamwezi ataingia kwangu achukue kuku, amseme hata baba yangu, nami sinuni. Na siku ya msiba wangu yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Mzigua na Mmakonde hawana jambo hilo, na Rosina alilijua vizuri.

Ponsiano akaingia, mikono bado ina majimaji ya mkonge. Rosina akamwambia, "Kaka Ponsiano, mwenyekiti anasema ninyi ni watani. Leo ni zamu yako. Mseme unavyotaka, hana ruhusa ya kukasirika."

Wajumbe wakaanza kuchekacheka. Mimi nikatoa kifua, nikingoja.

"Mke wangu Lea alipofariki," Ponsiano akasema taratibu, "tulichimba kaburi watu wanne, mvua inanyesha. Nikawa natazama njia, nikisema labda Mbaruku atakuja, maana kila siku hunitania. Hukuja."



Siku ile niliikumbuka. Nilikuwa nyumbani, karibu kabisa na makaburi, nasikiliza mpira redioni. Nilipoambiwa mke wa Mia Nne amefariki, nilisema pole zao, nikaongeza sauti ya redio. Hasira zangu zote hizi nilizozaliwa nazo zikanigeukia mwenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Rosina hakunisimanga. Aliandika, kisha akatusomea: kuanzia leo kila mfanyakazi ataitwa kwa jina lake, na hakuna atakayenyimwa cheo kwa ajili ya kabila lake wala uso wake. Tukakubali. Akauliza, "Na msimamizi?" Mkono wa kwanza kunyooshwa kwa Ponsiano ulikuwa wangu. Sadala alininunia miaka miwili. Lakini Ponsiano yule yule ndiye aliyemchukua Sadala na kumfundisha kuisikiliza mashine, wala hakumkumbusha habari ya spana.

Miaka minne baadaye mama yangu, Hamisa, alifariki huko Mkata. Basi la mchana likasimama, akashuka Rosina, na nyuma yake Ponsiano, jembe begani, amelibeba kutoka Korogwe. Sikuwa nimemwita. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaingia kaburini na kuchimba mpaka shimo likamfika kifuani. Kisha akainua kichwa mbele ya wajomba zangu wote.

"Mama huyu alikuwa shujaa," akasema. "Mwingine angeuona uso wa Mbaruku siku aliyozaliwa, angekimbia."

Wajomba wakacheka, msibani. Mimi nilicheka huku nalia, nikashuka kumpokea jembe. Akaninyima. Alisema kazi hiyo ni ya mtani.