Lebo Mbili za Santuri Moja

Method Rweyongeza aliipata ile santuri mtaa wa Shaw, Washington, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja lililokuwa likiuza vitu vikuukuu ili lipate kutengeneza paa. Method alikuwa dereva wa basi dogo la hoteli huko Herndon, Virginia. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni uwanja wa ndege wa Dulles na kuwarudisha, na siku zake za mapumziko zote ziliishia kwenye masanduku ya santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi. Muziki huo ulimwingia akiwa kijana Dar es Salaam, mwaka ule ule wakubwa walipoupiga marufuku kwenye madansi. Alipenda kusema kwamba marufuku ndiyo iliyomfundisha kusikiliza, maana ilibidi wapige kwa sauti ya chini na kila mtu asogeze sikio.

Santuri yenyewe ilikuwa ndogo, ya nyimbo mbili, na tundu pana katikati. Kwenye lebo paliandikwa jina la kundi, Kenilworth Five, vijana watano wa Washington waliorekodi mara moja tu mwaka 1967 kisha wakasambaa. Waliokusanya soul walijua nakala tatu tu za santuri hiyo duniani. Walijua pia kwamba anayeimba ni mwanamke, wakati kundi lilikuwa la wanaume watupu. Mwanamke huyo ni nani, hakuna aliyejua, na walikuwa wamelibishania jambo hilo miaka mingi.

Method alikaa nayo miezi mitano bila kumwambia mtu. Mwezi Machi 2004 maonyesho ya santuri yakaja kufanyika kwenye ukumbi wa hoteli ile ile aliyofanyia kazi, naye akaomba ruhusa ya asubuhi, akavaa koti lake la harusi na kuipeleka.

Pale ukumbini mwenye neno la mwisho alikuwa Harlan Tidwell, mwalimu mstaafu mwenye ndevu nyeupe, aliyeandika orodha ndefu ya santuri adimu za mji ule. Watu wakikwama, humwendea yeye. Harlan aliichukua santuri ya Method kwa heshima, akaiweka chini ya taa, akaitazama kwa lenzi, na hakuchukua muda. Alisema nakala tatu zinazojulikana zina lebo ya bluu iliyoshikana na plastiki tangu kiwandani. Hii ina lebo ya kijivu, nene, iliyobandikwa kwa gundi. Kiwanda hakibandiki lebo kwa gundi. Kwa hiyo hii ni ya kughushi, imetengenezwa na mjanja fulani miaka ya karibuni. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema mbele ya watu kumi na tano, na mmoja wao akacheka.

Method akaitia santuri kwenye bahasha yake, akaenda kukaa ukutani, karibu na mlango wa jikoni.

Ndipo Edah Mkawasi alipomkuta. Edah alikuwa mama wa Kitaita, hajafikisha miaka hamsini, na kazi yake pale hotelini ilikuwa upande wa dobi. Asubuhi hiyo alikuwa akisukuma kitoroli cha vitambaa vya meza. Yeye na Method walifahamiana vizuri, maana walikuwa wawili tu waliozungumza Kiswahili katika zamu hiyo, na hawakuisha kutaniana, huyu akisema Kiswahili cha Kenya kina mifupa, yule akisema cha Tanzania kina usingizi. Leo Edah alipomwona uso hakumtania. Alimuuliza kulikoni.

Method akamweleza yote kwa kifupi. Alimaliza kwa kusema, "Wame-check kila kitu, dada. Ni feki. Bora ningeiacha nyumbani."

"Hebu nione," Edah akasema.

Alijifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuipokea. Method alishangaa alivyoishika. Hakuigusa uso. Aliibana ukingoni kwa viganja viwili, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha polepole huku akiifuata kwa jicho moja. Kisha akaituliza juu ya vidole vya mkono wa kushoto na kupitisha kidole gumba cha kulia juu ya lebo, kwa wepesi, kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Akarudia.

"Yule mzee amesema kweli kwamba imebandikwa," alisema. "Lakini hakuuliza imebandikwa juu ya nini. Hapa kuna karatasi mbili."

Method alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo na mgeni.

Hapo Edah akamweleza. Tangu mwaka 1974 mpaka 1985 alikuwa kwenye kiwanda cha santuri, eneo la viwanda, Nairobi. Alianza kwenye mashine. Unaweka lebo ya chini, unaweka donge la plastiki la moto, unaweka lebo ya juu, unafunga, mvuke unapita, kisha maji baridi, unafungua. Karatasi na plastiki zinapikwa pamoja, haziachani tena hata ukwangue kwa kisu. Baada ya miaka mitatu walimpandisha kuwa mkaguzi. Santuri elfu moja kwa siku zilipita mikononi mwake, na zilizokuwa na dosari alizikata mwenyewe kwa mkasi.

Wakati mwingine, akaendelea, santuri zilishatoka tayari halafu ofisi inagundua jina limekosewa, au mwenye mali amebadili mawazo. Kutupa mzigo mzima ilikuwa hasara. Basi wasichana sita walikalishwa mezani na brashi na gundi ya wanga, wakabandika lebo mpya juu ya ya zamani. Yeye mwenyewe alibandika nyingi asizoweza kukumbuka idadi yake. Kwenye santuri hii alikuwa ameusikia kwa kidole, chini ya karatasi ya juu, ule mduara mwembamba ambao mashine huacha kwenye lebo iliyopikwa.

"Mtu wa kughushi atabandika lebo moja," alisema. "Hana sababu ya kuweka mbili. Hii imetoka kiwandani, Method, na mtu alitaka kuficha kilichoandikwa kwanza."

Method alimuuliza ilikuwaje wafanye kazi pamoja miaka sita na asiseme hata siku moja. Edah akajibu kwamba alisema. Siku ya kwanza ya kuomba kazi Virginia alimwambia yule dada wa ofisini kwamba alikuwa mkaguzi wa records. Kwa Kiingereza neno hilo ni la majalada vilevile, na yule dada akaandika kwamba Edah alikuwa karani wa kupanga mafaili. Kiingereza chake wakati huo hakikumtosha kurekebisha. Baadaye kilitosha, lakini hakuna aliyeuliza tena.

Walirudi pamoja kwa Harlan, Edah akiwa na aproni yake. Method alitafsiri pale Edah alipokwama, ingawa hakukwama sana. Harlan alisikiliza. Kwa sifa yake lazima isemwe kwamba hakucheka, na yule aliyecheka mwanzo alipotaka kucheka tena, Harlan alimnyamazisha kwa mkono. Alipitisha kidole chake mwenyewe juu ya lebo na kukiri kwamba hasikii kitu. Akauliza itathibitishwaje. Edah akasema karatasi ya juu inaweza kutoka kwa maji baridi na subira. Harlan akamgeukia Method na kumwonya kwamba mama akikosea, hata hicho kidogo kilichopo kitaharibika.

Edah naye hakumficha Method. Alimwambia kwa Kiswahili, ili wawe wawili tu katika jambo hilo, "Mali ni yako. Ukisema tuache, tutaacha. Lakini mimi sijakosea."

Method alimwangalia usoni. Miaka yote alikuwa amemjua Edah kama mtu mpole, wa kuitikia na kupita. Sauti hii hakuwahi kuisikia.

"Toa, dada," alisema.

Edah aliomba bakuli la maji baridi na kitambaa safi cha pamba. Alikunja kitambaa kikawa duara la ukubwa wa lebo, akakilowesha, akakikamua mpaka kikabaki na unyevu tu, akakilaza juu ya lebo bila kugusa mifereji. Kisha akaketi. Alibadilisha kitambaa mara nne. Ilikuwa nusu saa yake ya chakula, na aliitumia yote pale, mgongo wima, mikono mapajani. Watu walianza kuacha meza zao na kuja kusimama.

Ilipofika dakika ya ishirini na tano aliingiza ukucha chini ya ukingo wa karatasi ya kijivu. Ikainuka. Aliivuta kwa uangalifu, upana wa uzi kila mara, ikatoka nzima bila kuchanika. Chini yake palikuwa na lebo ya bluu, laini, imeshikana na plastiki kama ngozi na nyama. Edah aliifuta gundi iliyobaki, akamsogezea Harlan.

Harlan alivaa miwani na kusoma kwa sauti. Jina la kwanza kwenye lebo halikuwa la kundi. Iliandikwa Dorothea Pinkney, na Kenilworth Five wakafuata chini yake kwa herufi ndogo.

Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha wote. Harlan aliinuka kitini. Alimwomba Method radhi mbele ya wale wale waliosikia hukumu yake. Kisha akamuuliza Edah jina lake kamili na namna ya kuliandika, akaliandika kwenye orodha yake pembeni ya santuri hiyo, kama mtu aliyeitambua. Wawili walimfuata Method wakitaka kuinunua. Alikataa kabla hawajataja bei.

Kumpata Dorothea Pinkney hakukuwa kazi kubwa mara jina lilipojulikana. Method alirudi kanisani Shaw akauliza, na mama wa kwanza aliyeulizwa alimwonyesha nyumba. Jumapili iliyofuata yeye na Edah walikwenda.

Dorothea alikuwa bibi mrefu wa miaka sitini na tatu, mwenye sauti nzito, aliyekuwa bado akiimba kwaya. Alieleza kwamba meneja wa kundi ndiye aliyeamua jina lake lifichwe, akisema vijana watano watauzika zaidi kuliko msichana mmoja. Mzigo wa kwanza ulibandikwa lebo mpya, uliofuata ukachapwa upya. Yeye hakupewa hata nakala. Wanawe alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba aliwahi kurekodi, nao walimwitikia kama unavyomwitikia mzazi anayesimulia mambo ya ujana.

Aliishika santuri akasoma jina lake. Alilisoma tena kwa kidole, herufi moja moja. Kisha alinyanyua simu, akampigia mwanawe mkubwa na kumwambia aje, na aje na ndugu zake wote.

Walipofika aliwapigia ile santuri, na wimbo ulipokwisha akawaambia watoto wake, akimwonyesha Edah, "Huyu ndiye fundi aliyenitoa chini ya ile karatasi."

Edah hakuinamisha kichwa. Aliwapa wote mkono, mmoja mmoja, akawaeleza kwa Kiingereza chake namna santuri inavyotengenezwa, tangu donge la plastiki mpaka mkasi wa mkaguzi, nao walimuuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Alifika Herndon amechelewa saa nzima kwa zamu ya jioni. Msimamizi wa dobi alikuwa mlangoni na karatasi ya zamu, akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa kazini Shaw," Edah akasema, akachukua aproni yake.